Kucha Nyeupe za Firdausi

Mimi ni fundi cherehani, na kucha zangu nazikata kwa mkasi wa nyuzi. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani naililia ile kazi ya kubandika kucha. Harufu ya ile dawa ilinipasua kichwa miaka miwili mfululizo, na kila nilipolalamika Niyubahwe, msichana niliyepanga naye, alinijibu, "Mama Bazilio, fungua dirisha," na dirisha lenyewe liko upande wake. Tulipanga chumba kimoja hapa Kibondo, karibu na soko. Mlangoni cherehani yangu na vitenge vya watu; ndani zaidi meza yake, taa ya kubana mezani, na karatasi aliyoibandika ukutani: KUCHA ZA AINA ZOTE. Sasa meza haipo. Niyubahwe yuko kwao Kitahana, analima mihogo na baba yake, na watu wakiniuliza kwa nini aliacha kazi iliyokuwa inamweka mjini vizuri namna ile, nawaambia alichoka. Huo ni uongo wangu wa pili. Wa kwanza sikuusema kwa mdomo, niliunyamazia.

Alifeli kidato cha nne, akapelekwa Makere kwa shangazi yake akasaidie shamba. Shamba hakulisaidia sana. Sokoni alimwona Deborah, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akiwabandika wanawake kucha chini ya turubai. Siku ya kwanza alikaa pembeni akitazama, ya pili akarudi, ya tatu akapewa msasa ashike. Deborah kucha aliiita ongle na mteja kliya, kwa Kifaransa chake, na mkono wenye haraka aliuchapa kwa mpini wa brashi. "Mupole, mama. Ukifanya mbio-mbio ongle inatoka, na kliya harudiake tena." Niyubahwe alinisimulia hayo kwa sauti ya Deborah mara nyingi mpaka nikaona namjua huyo mwanamke, na sijawahi kumtia machoni.

Alichokijua kuliko vyote ni ile wanayoiita frenchi: kucha yenye rangi ya ngozi, ncha yake nyeupe. Kwanza anasukuma ngozi nyuma kwa kijiti, anaondoa mng'ao wa kucha kwa msasa, halafu anachagua tipsi, zile ncha nyeupe za plastiki, anazijaribu moja moja mpaka apate inayokaa sawasawa na kidole. Tone la gundi, anaminya. Anakata, anasugua. Ndipo anachovya brashi kwenye maji ya dawa, anagusa unga wa akriliki, kinatoka kidonge kibichi, anakilaza juu ya kucha na kukitandaza kabla hakijakauka. Hapo hataki kusemeshwa. Kidonge kikikaukia kwenye brashi, brashi ndiyo basi. Nilikuwa namchokoza makusudi wakati huo huo, namuuliza bei ya maharage, naye ananinyooshea kidole cha kunyamazisha bila kuinua macho. Nilimpenda. Hilo sikumwambia, maana sisi wengine tumelelewa kupenda kwa kugomba.

Mteja wake wa kwanza hapa mjini alikuwa Firdausi, binti wa mzee Hilali na Bi Siti, wenye duka la vyombo. Binti wa pekee, miaka ishirini na miwili, anafundisha watoto wadogo wa chekechea, na anacheka kabla hujamaliza kusema kinachochekesha. Mambo yake na kucha yalinishangaza. Jumapili anabandika, mikono inang'aa, Alhamisi au Ijumaa anarudi zitolewe. Mwezi unaofuata vilevile.

"Wewe mtoto una wazimu," nilimwambia siku moja. "Kazi ya saa mbili, unakaa nayo siku tano?"

Akacheka. "Mama Bazilio, udhu bila maji kufika kwenye kucha si udhu. Hizi hazipitishi maji. Siku zangu za kutoswali ndizo siku zangu za urembo. Nikitwaharika nazitoa, naoga, narudi kwenye msala."

Kumbe ndivyo wafanyavyo wengi, mimi Mkatoliki ningejuaje. Nikaona ni akili, tena ni heshima. Bi Siti mwenyewe hakuzipenda kucha zile, alikuwa mtu wa hina, lakini binti alikuwa hajawahi kumvunjia ahadi ya kuzitoa kabla ya kurudi kwenye swala, kwa hiyo alinyamaza. Niyubahwe alimfanyia kwa nusu bei kwa sababu vidole vile vilikuwa tangazo lake: Firdausi akipita sokoni akinunua nyanya, wiki hiyo wanakuja wateja wawili. Wakawa mashoga. Wanakula pamoja, wanaazimana viatu, wananisengenya mimi nikiwa hapo hapo.

Sasa nisikilize vizuri, maana kinachofuata ni jambo dogo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja, mawingu yamejaa tangu saa nane. Niyubahwe alikuwa na bibi harusi wa Jumamosi kwenye kiti, mwanamke wa watu wenye nafasi, amekuja na mashangazi wawili wa kumsimamia. Mkono wa kushoto umekwisha, wa kulia uko kwenye kidole cha tatu. Firdausi akasimama mlangoni, mwavuli mkononi.

"Shoga, nimekuja unitoe."

Niyubahwe hakuinua macho. "Kesho asubuhi mapema. Hata kabla sijafungua, nitakuja nikufungulie wewe."

"Nimeshatwaharika, Niyu. Nataka niwahi Magharibi ya leo."

"Kidonge kinanikaukia hapa. Mungu hana haraka kama wewe."

Mashangazi wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana lilitoka vizuri. Firdausi naye alicheka, akasema, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo," akatupungia ule mkono wenye ncha nyeupe, akaondoka. Alikuwa hajafurahi. Mtu wa kushona anajua uso wa mteja asiyefurahi hata akisema asante.

Chupa ya asetoni ilikuwa kwenye rafu, hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu. Kutoa si kazi ya ufundi: unakwangua juu, unalowesha pamba, unaifunga kwenye kidole kwa karatasi ya bati, unangoja. Nilishaiona ikifanywa mara mia. Ningeweza kumkalisha mlangoni nikamfunga pamba mimi mwenyewe. Nilikuwa natia pindo sketi ya shule. Sketi ya shule, jamani.

Mvua ilishuka jioni ile kwa radi tupu. Firdausi alikuwa uani kwao, kwenye kamba ya nguo, radi ikampiga. Alikufa pale pale.

Lazima nieleze kitu kuhusu kwetu. Nyanda hizi za Kigoma radi inaua kila msimu, na kila ikiua lazima atafutwe mtu. Radi haimpigi mtu bure, ndivyo wasemavyo. Ama aliyekufa alikuwa na lake, ama yupo aliyemtumia. Niyubahwe akiwa na miaka kumi na miwili, kijiji cha jirani na kwao, aliona nyumba ya mzee mmoja ikichomwa moto kwa sababu radi ilimuua mtoto aliyekuwa amemnyima mzee huyo maji. Mzee alitoroka na blanketi tu. Niyubahwe aliniambia kwamba hata leo akisikia ngurumo hukumbuka harufu ya lile paa la nyasi.

Ijumaa asubuhi habari ilitukuta tumeshafungua mlango. Niyubahwe alikuwa amewahi kweli, kama alivyoahidi. Saa kumi na mbili na nusu asetoni iko mezani, pamba zimekatwa kumi. Alikaa chini sakafuni, hakulia. Alisema tu, "Nilimwambia kesho. Mama Bazilio, nilimwambia kesho." Nikamwambia anyamaze, watu wanapita.

Saa tatu akaja mwanamke mmoja wa nyumba ile, amejifunga kanga mbili. "Ni wewe wa kucha? Njoo na dawa yako. Waoshaji wameshindwa. Maji hayafiki, na maiti anazikwa baada ya swala ya Ijumaa."

Sikumwacha aende peke yake. Nilibeba mfuko.

Walikuwa wanawake wanane chumbani. Firdausi amelazwa, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, mikono tu imetolewa nje kwa ajili yetu. Kucha zote kumi nzima, nyeupe, hata moja haijapasuka. Kazi nzuri kabisa. Mwosha, bibi mmoja mfupi mwenye lafudhi yetu ya Kiha, alionyesha pale walipojaribu kubandua kwa wembe wakaogopa. "Sitaki aumizwe," alisema, kisha akamsalimu Niyubahwe kwa Kiha. "Mwidiwe, mwanangu, karibu. Aliyekufa anaumia kama wewe unavyoumia. Kwa hiyo polepole."

Niyubahwe akapiga magoti, akaanza. Alikwangua juu kwa msasa, vumbi jeupe likaanguka kwenye kitambaa nilichokishika chini. Akafunga pamba, kidole kwa kidole, karatasi ya bati juu yake. Kwa mtu hai ni dakika ishirini. Tulingoja ishirini, akafungua kimoja, bado kigumu. Dawa ile inataka joto la mwili, na joto halikuwepo. Akaomba chupa za maji ya moto, tukaziviringisha kwenye taulo, tukailaza mikono ya Firdausi juu ya chupa hizo, tukangoja tena. Nje wanaume walikuwa wanasogeza viti. Niliogopa muda utatuishia, azikwe hajaoshwa inavyotakiwa, na nilimwona Niyubahwe akisali midomo inacheza, sala zetu za kanisani, mbele ya wale wamama wa Kiislamu, na hakuna aliyemkataza.

Katika kungoja huko ndiko maneno yalikotokea. Mwanamke aliyekaa karibu na dirisha alimwinamia mwenzake, lakini chumba kilikuwa kimya na sote tulisikia. "Zimekaa siku ngapi hizo? Huyu alikuwa ameacha swala." Mwenzake akajibu, "Ndiyo maana. Radi haimpigi mtu bure."

Bi Siti alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Alisikia. Alifumba macho, akayafumbua.

Kucha zikaanza kulegea. Niyubahwe alizisukuma kwa kijiti, moja, akaiweka kwenye kitambaa, nyingine. Chini yake zilikuwa kucha ndogo za Firdausi, fupi, zimepauka kwa dawa. Alipofika kwenye gumba la kulia machozi yakaanza kumtoka, na bibi mwosha akamfuta kwa ncha ya kanga yake haraka. "Yasimdondokee, mwanangu." Akamalizia gumba uso ameugeuzia pembeni.

Kumi zote. Bibi alipitisha kidole chake juu ya kila kucha kupima kama kuna kilichobaki, akatikisa kichwa kukubali, akaita maji. Ndipo Bi Siti aliposema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini alihakikisha inafika dirishani.

"Niyubahwe. Jana alasiri mwanangu hakuja kwako zitolewe?"

Wote wakageuka.

Nilijua jibu. Niyubahwe alijua jibu. Nilimwona akiwatazama wale wanawake wanane, akitazama chupa zake za dawa pale chini na unga na brashi, vitu vya msichana wa Kitahana asiyeeleweka anachanganya nini. Nilijua anachokifikiria kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria hicho hicho: akisema kwamba Firdausi alikuja akamrudisha, na jioni radi ikampiga, kesho nyumba ya baba yake itakuwa majivu.

"Hakuja, mama," akasema.

Na mimi, mtu mzima, mama wa watoto wanne, ninayesema kila kitu kila siku hata nisichoulizwa, nilikunja kitambaa chenye zile kucha nikakitia mfukoni.

Bi Siti aliitikia kwa kichwa. "Haya," akasema. "Asante kwa kazi."

Firdausi alioshwa, akaswaliwa, akazikwa kabla ya saa tisa. Kazi tuliyoitiwa ilikamilika. Haikupita wiki, maneno yakawa sokoni. Binti wa mzee Hilali alikuwa ameiacha swala kwa ajili ya kucha. Mungu amemwonyesha. Radi ilifuata kucha zile zile. Nilisikia kwa muuza dagaa, nikasikia kwa wateja wangu mwenyewe huku nawapima viuno. Akina mama waliwatisha nayo mabinti zao. Mtoto wa chekechea, mmoja wa wale aliowafundisha kuandika jina, alimuuliza mama yake mbele yangu kama mwalimu Firdausi yuko motoni. Mama yake akamwambia ale muhogo wake.

Niyubahwe alijaribu kufanya kazi. Kidonge cha unga kinaangukia pembeni ya kucha, kinakauka, anakwangua, anaanza upya. Frenchi aliikataa kabisa. Wateja wakapungua, na waliokuja walikuja kumuuliza habari za maiti. Usiku alikuwa hali wala halali, naye aliniambia wazi, "Mimi ndiye niliyemchafua. Aliyekuwa anaswali ni yeye, na mimi nimesema haswali." Nikamwambia yaliyopita si ndwele. Nikamwambia maiti hadhuriki na maneno. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami niliendelea kukanyaga cherehani yangu kana kwamba ule mzigo haukuwa wangu pia. Najichukia kwa yale maneno. Yalikuwa maneno ya mtu anayetaka kulala.

Baada ya khitima ya arobaini akanijia asubuhi amevaa gauni lake la kanisani. "Naenda kwa Bi Siti. Wakitaka kuchoma, wachome." Nikavua tepu shingoni, nikafuata.

Bi Siti alitupokea ukumbini, akatuwekea chai. Alikuwa amekonda mpaka bangili zinamtoka. Niyubahwe hakugusa kikombe. Alipiga magoti kwenye mkeka, akasema yote: mlango, mwavuli, bibi harusi, kesho asubuhi, hata ule utani wa Mungu hana haraka. Alisema, "Nilidanganya, mama. Alikuja. Alitaka kuswali Magharibi. Nilimrudisha mimi." Na mimi nikasema, "Nilikuwepo, Bi Siti. Nilisikia nikanyamaza." Ilikuwa imechelewa siku arobaini na kitu, lakini niliisema.

Bi Siti aliirudisha birika kwenye sinia. Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Najua alikuja," akasema. "Alirudi akaniambia. Alisimama hapo mlangoni, akaniambia Niyu ana bibi harusi, atanitoa kesho. Alikuwa anacheka."

Niyubahwe akainua uso.

"Basi mbona uliniuliza, mama?"

"Kwa sababu ya wale. Mimi ni mama yake. Nikisema mwanangu alikwenda kuzitoa, watasema namtetea. Wewe wangekuamini. Nilikuuliza kwa sauti ili wasikie kutoka kwako." Alivuta pumzi. "Ungesema neno moja tu, alikuja. Hayo mengine nisingekuuliza."

Niyubahwe akasema atakwenda kwa wale wanawake, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, awaambie. Leo hii. Alikuwa analia sasa, kwa sauti, kana kwamba hajawahi kulia.

"Ungewaambia siku ile, wakiwa wanane," Bi Siti alisema. "Leo nani atanihesabia waliosikia ni wangapi? Watakusikiliza, watakupa pole, na ukitoka watasema mama yake amempa fedha." Aliyasema bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Nilidhani amemaliza. Nilimshika Niyubahwe mkono tuinuke. Bi Siti akaendelea, hakuwa anatutazama sisi, alikuwa anatazama mlango wa uani.

"Mimi nilikuwa natandika msala. Saa ile ilikuwa ya kuswali, mvua ndiyo inaanza. Siku zote tunaswali pamoja, mimi na yeye, bega kwa bega. Siku ile nikamtazama mikono, nikamwambia, haya, wewe usiyeswali leo, kaanue nguo."

Tukakaa. Chai ikapoa. Baada ya muda mzee Hilali akaita kutoka dukani kuuliza kama wageni wameshakunywa.